Fundo la Isale Kwenye Banio

Ulipita pale. Usiniambie hukupita. Ulikuwa unakwenda Arusha au unarudi, kioo umekipandisha kwa ajili ya vumbi, na pale njia ya kupanda Masama inapochepuka uliona vibao vitatu vya bati vimesimama bega kwa bega, kila kimoja na bendera ya nchi ya watu na neno MRADI. Ukasoma nusu ya cha kwanza, ukageukia simu yako. Vibao vikaota kutu, chemchemi za juu yake zikakauka, na wewe unapita tu.

Mimi sijasahau. Nawakumbuka waliokuja na mikaratusi wakaiotesha juu ya chemchemi, ikanywa maji mpaka vyura wakahama. Nawakumbuka waliowafuata, na waya wa kuzungushia msitu. Nawakumbuka wa mabomba. Kila mmoja aliunda kamati yake, wanakamati wakawa walewale, na hakuna hata mkubwa mmoja aliyempigia mwenzake simu. Mmoja alitumwa na mkataba wa tabianchi, wa pili mkataba wa viumbe hai, wa tatu mkataba wa kuzuia jangwa. Mikataba hiyo mitatu ni ndugu wa tumbo moja. Ilipofika kwetu na misaada yake, ilipishana njiani bila salamu.

Basi siku ambayo wafadhili wote watatu walikuwa wanapanda Masama ndani ya gari moja, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, wewe hukuwepo. Inspekta Aikande Nkya alikuwepo. Alikuwa amechutama kwenye matope, suruali ameikunja mpaka magotini, anatazama banio lililobomolewa.

Banio ni mlango wa maji. Hapo ndipo mto unapokamatwa na kugeuzwa uingie kwenye mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kufuata mgongo wa kilima mpaka kwenye vihamba vya watu, yale mashamba yanayozunguka nyumba, kwenye migomba na kahawa. Sasa ukuta wa banio ulikuwa na pengo la kupita ng'ombe. Maji yote yalikuwa yamerudi mtoni, na mfongo ulibaki na tope na majani.

"Mvua?" aliuliza Khyati, aliyesimama nyuma yake na mabuti ya mpira.

"Mvua ingesukuma mawe kuteremka. Haya yamelala upande wa mto, yamevutwa kwa nje." Aikande alionyesha mikwaruzo kwenye jiwe la msingi. "Chuma kimeingia hapa na hapa. Mtu alijua jiwe gani limebeba mengine. Alianza na hilo, yaliyobaki yakaanguka yenyewe."

Khyati aliinama kuitazama mikwaruzo. Huyu ndiye mratibu. Amezaliwa Moshi mjini, baba yake aliuza mabomba na koki Majengo, na Kiswahili chake ukifumba macho utasema ni binti wa Kibosho. Kazi yake ilikuwa ile iliyowashinda wakubwa wote niliowataja: kuifanya misaada ya mikataba mitatu iwe kazi moja, juu ya mlima mmoja, kwa kipimo kimoja. Jioni ile wageni walikuwa watie saini. Lakini walisema wazi kwamba hawatii saini mpaka waone maji yanatembea kwenye mfongo na wenyeji wanayatunza. Wasipoyaona, kila mmoja atarudi na fedha zake kwenye kibao chake.

"Ndege yao inatua KIA saa sita," alisema Khyati.

"Basi nipishe kidogo hapo. Unakanyaga ushahidi."

Wenseslaus, kiongozi wa mgambo, alikuwa na majibu yote tayari. Alinyoosha mtaimbo mzito wenye rangi nyekundu kichwani. "Afande, huu umekutwa majini. Wa mzee Sirili, mwenyekiti wa mfongo. Na mzee alitamka kwenye mkutano, watu wote wanasikia, kwamba atabomoa banio kwa mkono wake. Tumeshamshika, yuko ofisi ya kijiji."

"Na hilo?"

Juu ya jiwe la msingi, palipokauka, kulikuwa na jani refu limewekewa kokoto lisipeperuke.

"Isale tu, afande. La mpaka. Mzee ana maneno ya mpaka na jirani, nadhani ndiyo yaleyale."

Aikande alilitazama bila kuligusa. Isale ni mti ambao Wachagga huuotesha kwenye mipaka ya vihamba, na jani la mpaka linakaa kwenye mti wake, halitembei. Hili lilikuwa limekatwa kwa kisu na kufungwa fundo moja katikati, taratibu, bila kuchanika. Alilipiga picha, akaliinua kwa kibano, akalitia kwenye mfuko wa nailoni. Lilikuwa na michirizi ya njano toka shina hadi ncha.

"Wenseslaus, wewe ni mtu wa hapa?"

"Wa Same, afande. Nimeoa huku."

"Haya. Twende kwa mzee."

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa na benchi moja, na Sirili alikuwa amelikalia lote. Mkewe Salvina alikuwa mlangoni na bakuli la kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, limefunikwa kwa jani la mgomba, akigombana na mgambo.

"Ukikionja kujua kama kina sumu, onja kidogo," alikuwa anamwambia. "Jana nilisikia unavyoonja kwa watu."

"Shikamoo mzee," alisema Aikande. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?" aliuliza Sirili.

"Wa Nkya."

"Nkya ni wengi kama migomba. Nkya yupi?"

"Anaeli."

"Anaeli alikuwa anakwepa msaragambo. Tukipiga mbiu ya kazi ya kijiji, yeye mgongo unamuuma."

"Mimi sikwepi, mzee. Ndiyo maana niko hapa. Ulisema utabomoa banio kwa mkono wako?"

"Nilisema. Na kipaza sauti nilikishika mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Walitaka kuzungushia chemchemi waya, eti tusiwasumbue ndege. Wenzao wakati huohuo wanataka kuotesha mikaratusi palepale. Na wengine wanataka kutoboa kilima wapitishe bomba. Nikasema kama ni hivyo, nabomoa, tufe wote siku moja."

"Na sasa?"

"Sasa waya hakuna. Mikaratusi hakuna." Alimnyooshea kidole Khyati, aliyebaki barazani. "Muulize huyo. Aliwashusha wale wakubwa kwenye magari yao wakatembea mfongo wote, toka banio mpaka unapoishia, na viatu vyao vya kung'aa. Mmoja akatumbukia. Alipotoka humo alikuwa ameelewa."

Salvina alicheka mpaka bakuli likatikisika. "Alitoka na konokono mfukoni, yule baba. Akauliza kama ni wa kwetu au amekuja na mradi."

Hapo ndipo lilipoanza, msomaji, na naomba ulikumbuke kuliko hotuba zote ulizopigia makofi. Khyati aliwasimamisha juu ya chemchemi, akawauliza swali moja: mti wa aina gani, ukioteshwa hapa, unaweza kuwatosha nyote? Wakakaa kwenye nyasi wakabishana mpaka chakula kikapoa. Wakatoka na mringaringa, mruka na mkuyu, miti ya hapa hapa. Mti uleule unameza moshi wa dunia, ndege wanalala humo, mizizi inashika udongo na maji yanabaki. Badala ya watu watatu kuja kuuhesabu kwa siku tatu, anakuja mmoja, na jibu lake linakwenda kwa wote. Ni jambo dogo hivyo. Miaka yote ile hakuna aliyelifanya, kwa sababu hakuna aliyelipwa kulifanya.

"Mtaimbo ni wako?" aliuliza Aikande.

"Wa mfongo. Unalala kwangu tu, nyuma ya zizi. Anayeuhitaji anauchukua, habishi hodi."

"Na asiye wa mfongo?"

"Asiye wa mfongo hajui unapolala."

Aikande alitoa mfuko, akauweka kwenye benchi. Sirili aliona fundo. Uso wake ukabadilika, akauvuta mkono wake nyuma kama aliyekaribia moto.

"Nani kaleta hili?"

"Lilikutwa juu ya jiwe lililong'olewa."

Salvina aliinama. "Hilo si la huku. La huku ni kijani tupu. Hilo la kujipaka rangi nimeliona hotelini, kwenye makopo, pembeni ya mlango wa choo."

"Masale yamejaa kila kona," alisema Wenseslaus. "Kwa nini mtu atoke nalo mjini?"

"Kwa sababu isale lenye fundo ni la kuomba radhi," alisema Aikande. "Na la kuombea radhi hulichumi kwenye mpaka wa mwenzio. Utakuwa umeongeza kosa jingine. Unalitoa nyumbani kwako."

"Kumbe Anaeli alifundisha kitu," alisema Salvina.

Aikande aliyapanga mambo kwa sauti, ili Wenseslaus aandike. Aliyebomoa ni mzaliwa wa mfongo huu, maana alijua jiwe la msingi na alijua mtaimbo unapolala. Anaijua mila na anaiogopa. Lakini hapa Masama hana hata upenyo wa kuchuma jani lililo lake. Kwake ni mjini, na mjini kwake kuna isale la mapambo.

Khyati alikuwa ameingia ndani bila kukaribishwa. Alikuwa analitazama jani.

"Hayo nimeyanunua mimi," alisema. "Makopo matatu. Maafisa wa miradi mitatu walipokubali kuhamia nyumba moja pale Soweto, Moshi mjini, nilimpa kila mmoja isale. Mzee Sirili ndiye aliniambia kwetu ni mti wa amani. Bustanini walikuwa na hili la mistari tu."

Sirili alifumba macho. "Na mmoja wao ni mtoto wa hapa."

"Mathew," alisema Khyati.

*

Nyumba ya Soweto ilikuwa na baraza refu na makopo matatu yamepangwa mlangoni. La kwanza lilikuwa limekauka kabisa. Mwenyewe, alisema Khyati, muda wote yuko Dodoma kwenye semina ya upungufu wa maji. La pili lilikuwa zima. La tatu lilikuwa limestawi kuliko yote, udongo wake umelowa, na katikati ya majani kulikuwa na kikonyo kimoja kilichokatwa kwa kisu. Aikande alikipiga picha, akalisogeza jani la kwenye mfuko karibu nacho. Mkato ulilalia mkato.

Hilo halikutosha. Mtu yeyote anaweza kukata jani la kopo la mwenzake.

Mathew alitoka na funguo za gari mkononi, shati lina nembo ya mti kifuani. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia ule mradi wa miti, na gari, na dereva, na kibao.

"Karibuni. Nasikia kuna shida huko juu."

"Umesikia kwa nani?"

"Ah, afande, simu zinapigwa. Masama kuna siri?" Alimgeukia Khyati. "Pole, dada. Nilisema toka mwanzo wale watu hawako tayari. Kazi moja ya watu watatu, ni mapema mno."

"Jana jioni ulikuwa wapi?" aliuliza Aikande.

"Hapa hapa. Naandaa ziara."

"Tumemshika mzee Sirili."

"Mzee mkorofi yule. Namheshimu, lakini mkorofi."

"Kesi yenyewe nyepesi. Kuna mtaimbo wake, basi." Aikande alifunga daftari kama mtu anayeondoka. "Na kipande cha isale kilichotupwa pale kama ganda la ndizi. Mgambo wamekikanyagakanyaga."

"Hakikutupwa," alisema Mathew.

Dereva aliyekuwa akifuta kioo aliacha kufuta.

"Enhe?"

"Isale halitupwi, afande. Hata wewe unajua."

"Najua halitupwi. Nakuuliza wewe umejuaje kwamba hili halikutupwa."

Mathew alitazama kopo lake, kisha mlango, kisha kopo tena. Angeweza kusema ni mila tu, ameisema kwa ujumla, na Inspekta asingekuwa na pa kumshika. Mwizi wa Dar angesema hivyo, akapanda gari lake. Lakini yeye ni mtu wa mlima, na mtu wa mlima anaweza kukubali kufungwa kuliko kukubali radhi yake ihesabike takataka.

"Lilikuwa na fundo," alisema. "Niliweka na kokoto juu yake. Nani kalikanyaga?"

"Hakuna. Liko hapa, zima."

Alipoliona kwenye mfuko alikaa kwenye ngazi. Aikande alimsomea haki zake, akarudia mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuwa anasikiliza. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Ofisi tatu zikiwa moja, mimi nani? Baba alimpa kaka mkubwa shamba la babu. Kihamba akampa kitinda mimba, ndiyo mila. Sisi wa kati tunapewa nauli." Aligusa ukingo wa kopo. "Hili ndilo kihamba changu, afande. Ndilo la kwangu peke yangu."

"Jina lako lilikuwa kwenye timu mpya," alisema Khyati. "Nililipeleka mwenyewe. Ungekaa Masama, miti yote chini yako."

"Ningekaa Masama wapi, dada?"



"Jani ulilikata hapa," alisema Aikande, "ukapanda nalo mpaka kwenye banio. Maana yake uliomba radhi kabla hujakosa. Sheria ina neno lake: umekusudia. Simama."

*

Walipokuwa wanarudi, simu ya Khyati iliita. Alikuwa bosi wake. Aikande alisikia upande mmoja tu, lakini ulitosha.

"Hapana, bosi, si mvua... Najua ningeweza kusema ni mvua... Hapana, siwapeleki kwenye kitalu cha miche badala yake. Wanakuja kwenye banio... Sikiliza. Hii kazi imesimama juu ya kitu kimoja: kila mmoja anaona anachokiona mwenzake. Nikiwaficha leo, tumerudi kwenye vibao vitatu, na safari hii mwongo ni mimi."

Alikata simu, akatazama nje. Nimewaona waratibu wengi maishani mwangu, wengi wao wanaratibu chai. Huyu namvulia kofia, na mimi kofia yangu huwa siivui ovyo.

Watu walikuwa wamejaa nje ya ofisi ya kijiji. Aikande alimfungulia Sirili mlango, akampa lile jani. Mathew alisimama mbele yake na pingu, kichwa ameinamisha.  Mila inasema aliyeletewa isale lenye fundo hana ruhusa ya kukataa, na kila mtu pale alimtazama mzee kuona kama atalikumbuka hilo.

Sirili aliligeuza jani, akapitisha kidole gumba juu ya fundo.

"Baba yako alibeba mawe ya banio lile begani," alisema hatimaye. "Nimepokea. Lakini isale haliinui jiwe. Pigeni mbiu."

Mbiu ilipigwa. Wakatoka kwenye kahawa, wakatoka kanisani, wakatoka kwenye pombe yao ya mbege wakifuta midomo. Msaragambo. Aikande alimfungua Mathew pingu pale kwenye ukingo wa mto.

"Kesi yako iko palepale," alimwambia. "Lakini wewe ndiye unajua mawe yalivyoanguka. Ingia majini."

Gari la wageni lilifika wakati jiwe la msingi bado liko hewani, mikononi mwa wanaume tisa au kumi. Khyati aliwashusha wageni, akawaambia wazi, bila kupaka sukari: banio lilibomolewa kwa makusudi, aliyelibomoa ni mtu wetu wa ofisini, na ni yule pale mwenye shati la mti. Wageni walitazamana. Yule aliyewahi kutumbukia ndiye alivua viatu kwanza. Wenzake wawili walimfuata, wakashika mtaimbo mmoja, watu wa nchi tatu na mikataba mitatu, na kwa mara ya kwanza nikaona misaada inasukuma upande mmoja.

Maji yaliingia mfongoni polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake. Salvina alitembea nayo pembeni, akiyasindikiza. Saini zilitiwa juu ya boneti, na kidole gumba cha mtu kiliacha tope kwenye karatasi. Khyati alikataa lifutwe.

Lakini huo ni mfongo mmoja, wa mgongo mmoja wa kilima. Vuka korongo, vibao vitatu vya huko bado vimesimama, havijasalimiana, na chemchemi za huko zinakufa wakati unasoma sentensi hii. Na wewe umekunywa maji ya mlima huu. Umeoga nayo Moshi, umekula wali wa mpunga ulionyweshwa nayo, umewasha taa kwa nguvu yake. Kwa hiyo usifunge kitabu ukasema Inspekta kamkamata mtu wake. Kesho simamisha gari. Shuka. Soma vibao vyote vitatu mpaka mwisho, ingia ofisi ya kijiji, uwaulize mbele ya watu: kati yenu, nani anazungumza na mwenzake? Usitoke mpaka wakupe jina. Kisha uliza msaragambo ni lini, uje na jembe lako mwenyewe. Mgongo usikuume.